Vituo vitatu kwa siku moja ni vingi mno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makala ya safari mliyoichapisha hivi karibuni, iliyowashauri wasomaji wanaokwenda Uingereza kuwatembelea jamaa zao wakate tiketi ya basi la watalii linaloondoka London asubuhi, likapitia kasri la Windsor, mawe ya Stonehenge na mji wa Bath, kisha likarudi jioni. Mwandishi aliisifu safari hiyo kwa kuwa msafiri huona mambo makubwa matatu kwa nauli moja. Nami nimesafiri na basi la namna hiyo, Alhamisi moja nilipokuwa mgeni wa binti yangu, na sina ugomvi na nauli. Ninachopinga ni hesabu ya muda.

Tuliondoka saa mbili asubuhi, tukarudi saa moja na nusu usiku. Kwa mujibu wa daftari langu, Windsor tulipewa dakika 105, Stonehenge dakika 80 na Bath dakika 90, yaani muda usiofika saa tano katika siku ya saa kumi na moja na nusu. Uliobaki ulikwenda barabarani, na katika kusubiri abiria wawili waliochelewa kurudi kila tulipoteremka.

Kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kutangaza mpira, alikuwa hodari wa kazi yake, na namtaja kwa heshima. Alitueleza kwamba Windsor ilianzishwa na William Mshindi yapata mwaka 1070, na kwamba moto wa mwaka 1992 uliharibu zaidi ya vyumba 100 ambavyo ukarabati wake ulikamilika mwaka 1997. Kuhusu Stonehenge alituchekesha sana kwa habari za Cecil Chubb, tajiri aliyeyanunua mawe yale mnadani mwaka 1915 kwa pauni 6,600, ilhali inasemekana mkewe alikuwa amemtuma viti. Miaka mitatu baadaye Chubb aliyatoa yawe mali ya taifa.

Tatizo lilianza Windsor. Nilifundisha historia kwa miaka 31, na kila mwaka niliwasomesha wanafunzi wangu vita vya Magdala, ngome iliyokuwa Ethiopia, vya mwaka 1868, ambavyo baada yake Waingereza walimchukua Alemayehu, mtoto wa Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia, akiwa na umri wa miaka saba. Baba yake alikuwa amejiua ngomeni, na mama yake alifariki wakiwa njiani kuelekea pwani. Kijana huyo alifia Leeds mwaka 1879 akiwa na miaka 18, naye Malkia Victoria akaagiza azikwe Windsor, katika kanisa la Mtakatifu George. Hadi leo yuko huko. Ethiopia imeomba mabaki yake yarudishwe, na mwaka 2023 kasri la Buckingham lilikataa, likisema kuyafukua kungesumbua makaburi ya wengine waliozikwa karibu naye.

Nilimwuliza kiongozi kaburi liko upande gani. Alinijibu kwa upole kwamba amewahi kusikia habari hiyo, lakini viongozi wa mabasi hawaongozi watu ndani ya kasri. Kila mgeni hupewa kifaa cha kusikilizia maelezo na kujitembeza mwenyewe. Kisha akatazama saa. Foleni ya ukaguzi langoni, ambayo haina tofauti na ya uwanja wa ndege, ilikuwa imekwisha kula dakika 25. Ikanibidi nichague: vyumba vya kifalme au kanisa. Nikaenda kanisani, ambako wengi walikuwa wakielekea kwenye kaburi la Malkia Elizabeth, nami nikazunguka nikiuliza wahudumu hadi mmoja akanionyesha kibao cha shaba ukutani. Kupiga picha hakuruhusiwi, hivyo nilinakili kwa kalamu. Baada ya jina lake na la baba yake yameandikwa maneno ya Mathayo ambayo sisi tumeyazoea hivi: “Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha.” Niliyasoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini kwamba aliyeyachagua hakuona uchungu uliomo. Ningependa kukaa pale kidogo, lakini basi lilikuwa linaondoka baada ya dakika 20, na kutoka kanisani hadi maegesho ni mwendo.

Stonehenge sikupungukiwa sana. Mawe makubwa, yenye wastani wa tani 25 kila moja, yaliburutwa kutoka umbali wa kilomita kama 25, na madogo yaliletwa kutoka Wales, zaidi ya kilomita 200, kabla ya chuma kujulikana huko. Mgeni huyazunguka kwa nje ya kamba, na dakika 80 zinatosha hata ukitoa muda wa gari dogo linalowapeleka watu kutoka jengo la wageni.

Bath ndiko nilikoshindwa kabisa. Bafu za Kirumi zinastahili sifa zote: maji yanabubujika kutoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, na mwishoni unaruhusiwa kuyaonja, nami niliyejua maji moto ya Amboni tangu utotoni niliyaona hayana ukali wowote. Lakini katika mji huo huo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliishi uhamishoni tangu mwaka 1936 hadi 1940, baada ya Waitalia kuiteka nchi yake, na nyumba yake, Fairfield House, aliikabidhi kwa mji mwaka 1958 itumike kwa ajili ya wazee. Kipaza sauti cha basi hakikuitaja tulipoingia wala tulipotoka.

Sisemi kampuni ilituficha jambo. Anayelazimika kumaliza vituo vitatu kabla ya giza hutaja yale ambayo wengi wamekuja kuyasikia, na katika abiria arobaini na kitu, tulioijua Magdala huenda nilikuwa peke yangu. Ndiyo maana naomba mwandishi wenu, atakapopendekeza safari nyingine, aandike pia dakika za kila kituo, na awaambie wasomaji kwamba zipo safari za vituo viwili.

Wiki mbili baadaye nilirudi Bath kwa treni kutoka stesheni ya Paddington, London, mwendo wa saa moja na nusu hivi, nikapanda basi la kawaida la mjini hadi Fairfield House. Ni nyumba ya ghorofa, ya mawe yale yale ya rangi ya asali yaliyojenga mji mzima. Kutoka mahali basi letu la watalii lilipoegeshwa siku ile hadi langoni pale ni kilomita chache tu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga