Mkono Wako wa Kulia, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mjukuu wako anakuamkia, nami nakuomba umfikishie Mama salamu zangu. Kaka ameniarifu kwamba umekubali kufanyiwa upasuaji wa moyo, ila hutaki mkono wako uguswe. Silaumu hata kidogo. Ulimwuliza Kaka moyo ndio unaoumwa, mkono una kosa gani, na swali hilo ni la haki. Kwa kuwa kazi yangu huku ni uuguzi wa chumba cha upasuaji, na mara nyingi nasimama kando kabisa ya mkono unaopasuliwa, nimeona nikuandikie kwa utulivu kuliko kukueleza kwa simu.

Mishipa mitatu inayoulisha moyo wako imeziba. Daktari hataizibua, bali ataunganisha mshipa mwingine mbele ya pale palipoziba ili damu ipate njia ya kando, na mshipa huo hutolewa katika mwili wako mwenyewe. Kwa mshipa wa mbele ya moyo hakuna ubishi: hutumika ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, iliyo nyuma ya ukuta wa kifua upande wa kushoto, na baada ya miaka 10 zaidi ya tisa katika kila kumi huwa bado wazi. Swali liko kwenye ile miwili inayobaki. Tangu René Favaloro, daktari wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, mwaka 1967, mazoea yamekuwa kuchukua vena ya mguu. Vena ni ndefu na hupatikana kwa urahisi, lakini imeumbwa kurudisha damu polepole; ikibebeshwa msukumo wa ateri, kuta zake hunenepa, na ndani ya miaka 10 karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba au zimeharibika vibaya. Ateri ya kigasha, ile iliyo upande wa kidole gumba ambayo wauguzi huipapasa wakihesabu mapigo yako, imezaliwa ndani ya msukumo huo.

Sitakuficha kwamba ateri hiyo iliwahi kukataliwa. Daktari Alain Carpentier alianza kuitumia Paris mwaka 1971, na baada ya muda mfupi akaiacha kwa sababu nyingi ziliziba. Ukuta wake una misuli mingi, hivyo ikiguswa hujikaza, na madaktari wa wakati ule waliilazimisha kufunguka kwa kuipitisha vijiti vya chuma vilivyochubua utando wa ndani. Miaka mingi baadaye baadhi ya wagonjwa wale wa mwanzo walipopimwa, ateri zilizodhaniwa kufa zilikutwa wazi kabisa, na mwaka 1992 daktari Christophe Acar na wenzake wakatangaza kuirudisha. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio sita yenye wagonjwa 1,036: kwa muda wa miaka mitano, waliopewa ateri ya mkono walipata mshtuko wa moyo na kurudiwa matibabu ya mishipa kwa uchache kuliko waliopewa vena. Idadi ya vifo peke yake haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika katika muda huo, nami nakuambia hivyo ili usidhani nakupamba maneno.

Siku hizi madaktari hujitahidi wasiishike ateri yenyewe. Mara nyingi daktari huinyanyua pamoja na mafuta na vena ndogo zinazoizunguka, urefu wa kama sentimita 20, kisha mimi huipokea katika bakuli lenye dawa ya kulegeza misuli. Huja imejikunja, nyembamba na ngumu, na baada ya dakika chache hulegea na kutanuka taratibu. Nimeliona jambo hilo mara nyingi, na bado hunigusa kila mara.

Kuhusu kiganja, usiogope kwamba kitakosa damu. Mkono una ateri mbili, na hukutana ndani ya kiganja kama upinde. Kabla ya upasuaji daktari atakuambia ukunje ngumi, atabana ateri zote mbili kwenye kifundo, utafungua kiganja kikiwa kimepauka, kisha ataachia ile ya upande wa kidole cha mwisho. Rangi ikirudi ndani ya sekunde chache, ateri hiyo inatosha kulisha mkono wote. Ikichelewa, mkono huo huachwa. Huenda ukahisi ganzi nyuma ya kidole gumba kwa wiki kadhaa, pengine miezi, lakini kwa wengi nguvu za kushika hurudi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Ateri huchukuliwa kwenye mkono usioutegemea, na kwa watu wengi huo ni wa kushoto. Wewe ni fundi cherehani, na mkasi umeushika kwa kushoto maisha yako yote. Tafadhali uwaambie kwa kinywa chako, nao waandike katika faili, kwamba mkono wa kuchukuliwa ateri ni wa kulia. Hapo ndipo inapokuja shida ya pili: kipimo cha mishipa ya moyo ulichofanyiwa, kwa kawaida hupitishwa kwa mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mrija huo huweza kuijeruhi ateri kwa ndani hata kama ngozi imepona vizuri. Ateri iliyopitishwa mrija haifai kupelekwa kwenye moyo. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi uamuzi ni wako na daktari: ama mkono wa kushoto, ama vena ya mguu, na ukichagua vena ili kuulinda mkono wako wa kazi, mimi nitakuunga mkono kwa moyo wote.

Mwulizeni daktari pia ile mishipa miwili ya moyo imebanwa kiasi gani. Ateri ya mkono hustawi pale palipoziba sana, angalau asilimia 70 upande wa kushoto wa moyo, na karibu 90 upande wa kulia. Damu ikiendelea kupita kwa wingi katika njia ya zamani, njia mpya hukosa kazi na kusinyaa.

Mpaka siku ya upasuaji, usikubali sindano yoyote kwenye ateri za vifundo vyako bila daktari wa moyo kujua. Na leo hii, kabla hujaikunja barua hii, mwambie Kaka akitazame kifundo chako cha kulia kwenye mwanga, upande wa kidole gumba, aniandikie kama kuna kovu dogo la tundu.

Mwanao akupendaye