Barua kwa mwanangu anayekwenda Konde

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimesikia kwa mama yako kwamba Alhamisi unapanda boti kwenda Pemba, wewe na wenzako watatu wa chuo, na mtafikia Konde kwa bibi yako. Kusikia kwa mama yako si kubaya, ila namba yangu unayo.

Nenda, sikukatazi. Lakini mkarafuu usipande.

Nakujua. Mtakuta msimu umepamba moto, majamvi yameanikwa hadi ukingoni mwa barabara, harufu inakupokea kabla ya watu. Hao wenzako wa bara watataka picha. Mmoja atasema "panda kidogo tu tukupige," na wewe, kwa kuwa ndiye mwenyeji, utaona haya kukataa. Ona haya, ukae chini. Tawi la mkarafuu halikupi hadhari. Halipindi wala halilii, hukatika mara moja kama kijiti cha kibiriti, na likiwa na umande ndio kabisa. Waliokulia humo wanaanguka, sembuse wewe wa Mwanakwerekwe. Ile ya mkuu na guu unaijua, sikuandikii.

Ukitaka kusaidia, kaa na bibi yako usiku mchambue. Karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Vidole vitauma, basi.

Msitu wa Ngezi haunitii wasiwasi, ni fani yako. Juzi mama yako alikuwa akijisifu sokoni kwamba mwanawe anasoma misitu. Nilijifanya sisikii, na wala sikuondoka. Lipeni kiingilio, muingie na mtu wa msitu. Ukitoka Konde utapita mashamba ya miti ya mpira, mara giza la miti: mivule, miwaale, maji chini. Hicho ndicho kilichobaki. Mwingine karibu wote ulifyekwa, na mikarafuu imekaa mahali pake. Popo wale wakubwa, ambao mbawa zao zikikunjuliwa hupita mita 1.5, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hawapo kwingine duniani ila Pemba. Siku zetu walikuwa kitoweo, hadi wakakaribia kwisha. Usimuulize bibi yako nani alikuwa fundi wa kuwapiga.

Pwani ya Vumawimbi msiogelee kabla ya kuwauliza wavuvi maji yanajaa au yanakupwa. Mkifika Ras Kigomasha, mnara wa taa pandeni mkiruhusiwa. Ule ni wa chuma, una ngazi. Mkarafuu hauna.

Ami yako atakwambia kupanda si kazi. Usimsikilize, na mkono wake usiutazame sana. Tangu mdogo unaambiwa alizaliwa nao vile. Hakuzaliwa nao. Alikuwa na miaka 11, tawi la juu limejaa, mchumaji analipwa kwa pishi, na kuna mtu alikuwa akitaka viatu vya Idi na mwenyewe ni mzito, tawi halimchukui. Sasa unajua kwa nini mimi Konde huenda msimu ukishapita. Ile ya kubanwa na kazi niliwaambia tu.

Mchele wa bibi yako ni kilo 10, uko kwenye mfuko wa buluu pamoja na dawa zake za presha. Usiuweke sakafuni kwenye boti, utaloa. Bati za jiko mwambie ami yako asubiri mwisho wa mwezi, pampu ya kisima imetumaliza. Mama yako anataka mkungu wa mkono wa tembo, ukiweza kuubeba. Mtu akikupa kifurushi cha karafuu umfikishie bara, usipokee, hata awe jamaa. Mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na mbele ya magendo hakuna "sikujua".

Viatu vyangu vya mvua naona havipo mlangoni. Vivae Ngezi, lakini virudi, na virudi vimeoshwa. Safari iliyopita mwavuli ulibaki huko.

Bahasha iliyofungwa ni ya ami yako. Mpe mkononi, bibi yako asiwepo. Akikuuliza ni ya nini, sema hujui.

Mkishuka Mkoani nipigie. Mimi, si mama yako.

Baba yako