Msimsifu mtoto anayeshindana huku anaumia

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningebaki kimya lau si ile habari mliyoipa nusu ukurasa wa michezo, ya binti wa miaka 12 aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye jimnastiki akiwa amefungwa bandeji vifundo vyote viwili vya mikono. Mwandishi wenu alimwita jasiri. Kocha wake alieleza kwa fahari kwamba mtoto alilia mazoezini wiki nzima lakini hakukosa hata siku moja. Katika habari yote ile hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa analia kwa sababu gani.

Nitaeleza mimi. Mtoto wa umri huo bado mifupa yake inarefuka, na inarefukia kwenye tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na ncha ya mfupa. Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe, na ndilo linaloumia kwanza mkono unapogongwagongwa. Mkono una mifupa miwili kati ya kiwiko na kiganja. Ule wa upande wa kidole gumba hupata urefu wake mwingi, robo tatu hivi, kutoka kwenye tabaka lililo pale pale kifundoni, na mfupa huohuo ndio unaobeba takribani asilimia 80 ya mzigo mtu anapoegemea kiganja. Sasa fikiria kinachofanyika kwenye jimnastiki: mtoto anasimama kwa mikono, anajipindua na kutua kwa mikono, anaigonga meza ya kurukia kwa viganja akiwa katika mbio, na pigo moja linaweza kuzidi uzito wa mwili wake mara mbili au zaidi. Arudie hayo saa nyingi kila siku, katika miaka ileile anayorefuka kwa kasi, na lile tabaka linaanza kupanuka na kuvurugika. Wataalamu wa majeraha ya michezo wanalijua tatizo hili tangu miaka ya 1980. Si siri ya mtu yeyote.

Likiachwa lipumzike mapema, mara nyingi linapona. Likiendelea kugongwa, linaweza kufunga kabla ya wakati wake. Hapo mfupa wa upande wa kidole gumba unadumaa huku mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho ukiendelea kukua, unaupita, na kuanza kusukuma vijifupa vya kifundo na kuisaga gegedu iliyo katikati mpaka inachanika. Hayo hayaonekani siku ya kugawa medali. Yanakuja baadaye, mwanariadha ameshasahauliwa hata na kocha wake.

Mimi nilianza kuumwa nikiwa na miaka 11, juu ya kifundo, kila nilipokunja kiganja kwa nyuma. Kocha aliniambia maumivu hayo ni mkono unaokomaa. Nikafungwa bandeji, nikaendelea miaka mitatu zaidi. Nilikuja kuacha mashindano, nikasoma, nikaajiriwa, na nilipokuwa mtu mzima kifundo kikaanza kuuma upande wa pili, wa kidole cha mwisho, kikilia kila nikizungusha ufunguo mlangoni. Daktari aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mkono ule nilivunjika nikiwa na umri gani. Nikamwambia sijawahi kuvunjika. Akauliza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayedhani ninaficha kipigo cha nyumbani, na hilo liliniuma kuliko kifundo chenyewe, kwa sababu wazazi wangu hawakuwahi kuninyanyulia mkono. Ndipo akauliza nilicheza mchezo gani utotoni. Nilipomtajia aliagiza mkono wa pili upigwe picha, na wa pili nao ulikuwa vilevile, ila nafuu kidogo. Mfupa mmoja mfupi, mwingine mrefu, gegedu imechanika. Nilifanyiwa upasuaji: walikata kipande cha mfupa mrefu ili ulingane na ule uliodumaa, wakaunga kwa bamba la chuma na skrubu. Nilikaa miezi bila kuweza kuandika vizuri. Mpaka leo nikiwa nimekaa chini siwezi kuinuka kwa kusukuma sakafu kwa kiganja. Nainuka kwa ngumi. Daktari ameshanionya kwamba kiungo kile kitalika mapema. Sikuanguka, sikugongwa na gari. Niliharibiwa na mazoezi ya kila siku yaliyosimamiwa na watu wazima waliokuwa wakiniona nikiuma meno.

Msiseme haya ni ya jimnastiki peke yake. Wanaonyanyua vyuma wakiwa wadogo wanayajua, na wacheza tenisi wana majeraha yao ya kifundo. Dominic Thiem alitwaa taji la US Open mwaka 2020, akaumia kifundo mwaka 2021, na mwaka 2024 akastaafu akiwa na miaka 31. Huyo alikuwa mtu mzima, mifupa imekomaa, ana madaktari wa kumhudumia popote anapokwenda. Mtoto wa miaka 12 ana bandeji na kocha mwenye haraka.

Na kuna jambo jingine, maadamu nimeshashika kalamu. Kwa nini mpaka leo watoto wanaadhibiwa kwa pushapu? Mtoto kachelewa, pushapu 50. Kacheka mstarini, pushapu 50. Yaani kiungo kilekile kilichokwishachoka kinaongezewa mzigo kwa sababu hakuna mtu mzima aliyefikiria adhabu nyingine. Zipo pia zile dawa za kutuliza maumivu zinazotoka kwenye mkoba wa kocha, bila daktari, bila mzazi kujua, ili mtoto amalize mashindano. Maumivu ndiyo sauti pekee ya kifundo, nasi tunainyamazisha kwa kidonge. Haya nayo mwandishi wenu angeyaona kama angekaa mazoezini saa moja tu badala ya kungoja jukwaani.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana kuanzia wiki ijayo. Kila Jumatatu kabla ya mazoezi, kila mtoto aweke viganja mezani, anyooshe viwiko, aegemee kwa uzito wake, kisha aandike mwenyewe kwenye daftari: inauma au haiumi. Kocha asiwepo chumbani. Daftari litunzwe na mtu ambaye hapati chochote mtoto akishinda. Mtoto akiandika "inauma" Jumatatu mbili mfululizo, mikono yake isibebe uzito tena mpaka daktari aione na ipigwe picha yote miwili, si mmoja, maana mara nyingi ni kwa kulinganisha ndipo tatizo linapoonekana. Eksirei ya kwanza ikiwa safi lakini maumivu yapo, maumivu ndiyo yasikilizwe, kwa sababu picha ya awali inaweza isionyeshe kitu. Wakati anapumzisha mikono afanye kazi ya miguu, ya kusimama bila kuyumba na ya kunyumbua mwili, naye asirudishwe mpaka aweze kuegemea bila maumivu, hata ikichukua miezi mitatu au sita. Na saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 10, saa 10. Kipimo hiki madaktari wa michezo ya watoto wamekitaja mara nyingi, hakihitaji mashine, kinahitaji saa ya ukutani.

Kwako, Mhariri, nina ombi moja. Mrudishe mwandishi wako kwa binti yule. Aulize kama vifundo vyake vimepigwa picha, vyote viwili, na nani ameziona. Jibu lolote litakalopatikana, lipeni nusu ukurasa uleule mlioupa ushindi wake.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanajimnastiki wa zamani