Baba anataka kurudi kwenye umeme wa kichwa, na daktari wake hajui

Kwako Dada Mshauri, na wasomaji wenzangu, hasa mlio kwenye uuguzi na udaktari,

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Nafundisha fizikia sekondari, na katika watoto watano wa nyumba yetu mimi ndiye ninayeishi na wazazi.

Baba ana miaka 67. Maisha yake yote amevua dagaa pale Kibirizi, analala ziwani na karabai tangu zama hizo mpaka zilipokuja taa za sola. Mwaka jana mwezi wa Machi aliamka kwenda msalani akaanguka. Upande wa kulia ukawa mzito, ulimi ukakwama. Kiharusi. Hospitali walimhudumia vizuri, presha ikashuka, akaanzishiwa mazoezi ya viungo. Kufikia Septemba alikuwa anatembea na mkongojo na maneno yanatoka, ingawa taratibu.

Kilichokataa kurudi ni baba mwenyewe. Alikuwa anakaa kwenye jamvi akiutazama ukuta. Redio hataki. Wenzake wa mtumbwini wakija kumjulia hali, anajifanya amelala. Uji unapoa mbele yake mpaka unafanya utando. Siku moja akamwambia mama, "Mngeniacha tu siku ile." Mama alitoka akaenda kulia nyuma ya banda la kuku.

Daktari alituambia hiyo ni sonona, na kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huangukia humo. Akampa amitriptilini, kidonge cha usiku, akatuonya tusikate tamaa mapema kwa sababu huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Hatujamaliza hata wiki mbili, kaka yangu mkubwa akaja na habari za tiba ya umeme wa kichwani.

Kuna mtu amefungua chumba mjini, sitamtaja. Alimwambia Kaka kwamba mashine yake inaamsha mishipa iliyolala, iwe ya mkono au ya mawazo. Safari 10, kila safari shilingi 40,000, mara mbili kwa wiki. Kaka akauza mashine ya mtumbwi wa baba. Hakutuuliza. Aliona baba anakufa akiwa hai, akafanya alichoweza, na mimi simlaumu kwa hilo.

Safari ya sita nilikwenda nao. Kijana alichukua sponji mbili, akazilowesha kwa maji ya chumvi aliyoyaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Moja akaibandika kwenye paji la uso upande wa kushoto, nyingine juu ya nyusi ya kulia, akafunga kwa mkanda wa mpira. Waya mbili, nyekundu na nyeusi, zikaingia kwenye kiboksi chenye betri ya volti 9. Akabonyeza, akatoka nje kuongea na simu. Baba akakunja uso akasema, "Inawasha kama upupu." Nilinyamaza, maana nilikuwa nimesoma kwamba kuwashwa na kuchomwachomwa kidogo ni kawaida kwenye tiba hii. Chumba ni cha bati, jua la saa nane. Dakika 30 zilipokwisha, sponji ya kushoto ilikuwa imekauka kama dodoki la juzi. Ilipotolewa, chini yake palikuwa na alama nyekundu ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na katikati ngozi imechubuka.

Hilo nafundisha darasani: sponji ikikauka, umeme hausambai tena, unajipenyeza pale penye unyevu uliobaki, na hapo pataungua hata kama umeme wenyewe ni mdogo. Kijana akapaka mafuta ya mgando, akasema ni dalili kwamba dawa inaingia. Hakuna aliyemuuliza baba kama amewahi kupata kifafa tangu kiharusi, kama ana chuma chochote kichwani, wala anakunywa dawa gani. Hakuna kilichoandikwa popote.

Nyumbani mama alipoiona ile alama alisema hamruhusu tena. Kwake umeme wa kichwa ni zile shoti za wagonjwa wa akili alizozisikia tangu msichana. Nilimweleza kwamba ni vitu viwili. Zile zilianzia Roma mwaka 1938, umeme wake ni kama miliampia 800, mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi na anapitishwa kwenye kifafa cha makusudi cha muda mfupi, na mpaka leo ni tiba ya kweli kwa sonona iliyokomaa. Hii ya baba ni miliampia 1 au 2, mtu yuko macho anaongea, na kazi yake ni kuzifanya chembe za ubongo ziwe nyepesi kidogo kuitikia. Baba akadakia kutoka kwenye jamvi, "Nimepigwa na yule samaki wa shoti mara ngapi, nikafa?" Wavuvi wa Tanganyika wanamjua: mnene, hana magamba, ukimgusa wavuni mkono unakufa ganzi mpaka begani. Na nilikuwa nimesoma pia kwamba katika karne ya 1 daktari mmoja wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kuhusu kumwekea mgonjwa wa kichwa samaki wa umeme wa baharini, akiwa hai, pale panapouma. Nilimsimulia baba. Akacheka. Dada, nilikuwa sijamsikia baba akicheka tangu Machi ya mwaka jana.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu baba amepata nafuu. Baada ya safari ya nne aliomba redio. Halafu akauliza bei ya dagaa. Wiki iliyopita alimaliza ugali na mgebuka mzima, akamgombeza mwanangu kwa kumwaga maji. Mkono bado uko vilevile, kifungo cha shati hafungi, lakini mtu amerudi.

Nini kimemrudisha? Nimetafuta usiku na usiku. Brazili mwaka 2017 waliwapima wagonjwa 245 wa sonona: umeme huu mdogo uliishinda mashine bandia, isiyopitisha kitu, ila haukuweza kuthibitishwa kwamba unatosha kushika nafasi ya vidonge. Ujerumani mwaka 2023, wagonjwa 160 waliokuwa tayari kwenye vidonge, umeme wa kweli na wa bandia ukawa sawasawa. Mwaka 2024, Uingereza na Marekani, wagonjwa 174 waliutumia nyumbani kwao kwa wiki 10 wakisimamiwa kwa video, na umeme wa kweli ukashinda. Hao wote ni wagonjwa wa sonona, na wanauvaa siku nyingi mfululizo, si mara mbili kwa wiki. Na kote huko, hata waliovalishwa mashine isiyopitisha kitu walipata nafuu fulani. Upande wa mkono uliopooza matokeo yanapingana, na wanaoujaribu huufunga pamoja na mazoezi, hawauachii peke yake.

Wakati huohuo vidonge vya baba vimetimiza wiki ya tano. Na mara mbili kwa wiki amekuwa akipanda bajaji na mwanawe wa kwanza, wanapitia Kibirizi kurudi, wanasimama mwaloni, watu wanamwita kwa jina. Moyoni naamini safari zile za bajaji zimefanya kazi kubwa kuliko kile kiboksi. Lakini siwezi kuapa.

Baba anataka zile safari nne zilizobaki. Kaka anataka tuagize mashine yetu wenyewe kutoka Dar, tuwe tunamfunga hapahapa nyumbani, na mimi mwalimu wa fizikia niwe msimamizi. Mama amesema siku hiyo anahamia kwa shangazi Kasulu. Na daktari aliyetoa vidonge hajui lolote. Baba amenikataza kumwambia, anaogopa atamkataza. Miadi yake ni mwisho wa mwezi huu, na mimi ndiye ninayempeleka.

Naomba mniambie. Nimwambie daktari hata kama baba hajaridhia? Kuna mwenzangu ambaye mgonjwa wake wa kiharusi alipata tiba hii mikononi mwa mtaalamu, na alianza kwa kuulizwa nini? Na mashine ya nyumbani niikatae moja kwa moja, au kuna sharti ambalo likitimia ningeweza kukubali?

Halafu Kaka. Nikimwambia kwamba pengine bajaji ndiyo iliyomponya baba, nitakuwa namwambia kwamba aliuza mashine ya mtumbwi bure. Sijui nianzie wapi. Kwa sasa nimemwomba asubiri mpaka kile kidonda cha paji kikauke, naye amekubali. Jana alikuja na bajaji hata hivyo, akamchukua baba wakaenda mwaloni tu, wakarudi na dagaa kisado kimoja.

Wenu,
Binti wa mvuvi, Ujiji