Gwakisa, usiuze shamba kwanza

Mafinga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Gwakisa,

Ugonile! Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuadabisha. Mama Upendo anakusalimu sana. Umekaa kimya tangu msiba wa Tukuyu, halafu ghafla ujumbe: umepata injini ya Subaru yenye tabo ya kuiongezea nguvu pale Mwanjelwa na unatafuta mteja wa shamba la maparachichi. Tangu niusome sina raha.

Nafurahi mno kwamba unataka kuingia kwenye mbio za magari. Muda wote niliokaa kiti cha msoma ramani, nimekuwa nikitamani kukuona wewe kwenye usukani, wewe uliyejifunzia gari kwenye zile kona 57 za Chimala kupanda Matamba. Lakini injini ni ya mwisho kununua. Anza na keji, ule mfumo wa mabomba ndani ya gari unaowakinga mlio ndani likipinduka.

Tumaini kaniambia kuna fundi wa mageti kakuahidi kukuchomelea kwa bei poa. Gwakisa, hapana! Bomba la geti ni bati lililokunjwa likaungwa, lina mshono. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, na ule upinde mkuu wa nyuma ya viti uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Miguu ya keji nayo haikai juu ya sakafu tupu. Inawekewa bamba nene lisilopungua milimita 3, maana gari likipinduka ule mguu unaweza kutoboa sakafu na keji yote ikalegea.

Nililiona hili kwa macho yangu kwenye mazoezi, huku kwenye misitu ya Sao Hill. Gari liliteleza kwenye changarawe, likagonga kingo, likabingirika mpaka likalala kichwa chini. Vumbi lilipotulia nikaona paa limebonyea hadi kwenye mabomba, na hapo likakomea. Msoma ramani bado kakumbatia daftari, penseli inaning'inia kwa uzi. Akajifungua mkanda, akatoka kwa miguu yake, na neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia pembetatu akaiweke barabarani, kwa sababu gari la nyuma lilikuwa linakuja. Nikikumbuka bomba la geti, mwili unanisisimka.

Hela ikibaki baada ya keji, nunua viti na mikanda ya mbio, helmeti, mtungi wa kuzimia moto, shokapu nzuri na bamba la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gari lenyewe liwe hata Corolla ya kawaida isiyo na tabo. Tabo itakufikisha kwenye kona kabla hujajua kuisoma. Leseni ya mashindano tutaiulizia AAT, chama cha magari cha Tanzania, pamoja.

Na daftari usilidharau. Kabla ya mashindano mnapita njia taratibu, wewe unaitaja kila kona ilivyo kali, mwenzako anaandika, na siku yenyewe unaendesha kwa kumsikiliza yeye. Saa pia ni yake: kuchelewa dakika moja kwenye kituo cha kukagua muda ni adhabu ya sekunde 10, kuwahi dakika moja ni sekunde 60. Shekhar Mehta, yule dereva wa Kenya, aliposhinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kiti cha pembeni alikuwa Mike Doughty zote nne. Waliaminiana wale.

Ile miparachichi imeanza kuzaa juzi tu, jamani. Ukiiuza kwa ajili ya injini, mwakani hela ya matairi utaitoa wapi? Mbio zinakula hela kila msimu, na shamba ndilo lingekulisha.

Hivi shemeji anajua habari ya shamba, au mimi ndiye nitakayemshtua? Umeshatoa chochote kwa huyo mwenye injini? Hilo bodi la gari unalolitaka lina kutu kwenye sakafu? Umelipigia nyundo ukasikia? Na nani atakusomea ramani, maana ukimchukua Tumaini nitanuna, kiti hicho nakitaka mimi. Ijumaa napita Uyole kwenda kwa shangazi. Utanipokea stendi twende tukamwone fundi anayejua mabomba ya kweli? Nijibu kabla hujapokea hata senti ya mtu.

Wako,
Zawadi