Barua utakayoikuta sandukuni

Mwanangu mpenzi,

Kesho unapanda basi la Dodoma na nimeshindwa kukuambia ana kwa ana. Juzi ulipokuwa unajaribu sare nimeona alama mbavuni mwako, mistari minne myekundu. Ni ule mkanda wa kubana tumbo. Unalala nao?

Chuoni tulipojifunza ushonaji, mwalimu alituonyesha picha za koseti za Ulaya, zile nguo za ndani za kubana kiuno, zimetiwa vibanzi vilivyotoka kinywani mwa nyangumi, baadaye vya chuma. Miaka ya 1820 vitundu vya kamba vikaanza kuzungushiwa pete za chuma, basi kamba zikavutwa kwa nguvu zote bila nguo kuchanika. Kitambaa kikapona, mbavu ndizo zikaumia.

Na hawakutulia na umbo moja, mama. Mwaka 1856 ikaingia krinolini, kizimba cha chuma chini ya sketi. Haikupita miaka mingi, upana wote ukahamia nyuma. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob wa Marekani akapata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya sidiria, aliyoianza kwa leso mbili na utepe. Miaka ya 1920 kikatakiwa kifua bapa. Waliojaaliwa wakajifunga vitambaa. Mwaka 1947 Christian Dior, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, akarudisha kiuno chembamba. Aliyejibana kifua usichanani akatakiwa sasa ajibane kiuno, na mwili ni uleule! Usiku uvue, nakuomba.

Kazi hii umeipata bila kubebwa na mtu, na kila mteja anayeingia hapa namwambia. Ndiyo maana nashangaa, msomi mzima kulala na vyuma! Najua siku ya kupima gauni la harusi ya shangazi yako nilisema neno juu ya kiuno chako, na watu walikuwepo. Gauni lile nilikata usiku, umeme ukikatika kila saa. Lilipungua inchi mbili kwa mkono wangu.

Nimekushonea magagulo mawili, lastiki pana, hayakati. Yako chini ya blanketi la kijani. Dodoma usiku kuna baridi mwezi huu. Chaja ya mdogo wako iache, amelalamika tangu asubuhi. Bibi anataka ubuyu. Hela ya unga nimeshampa jirani, usitume kitu mpaka upate chumba.

Mkanda sikuutupa, uko mfuko wa pembeni. Ukifika nipigie, uniambie umelala bila huo.

Mama yako