Barua ya wazi kwa vijana wa ushonaji wanaoazima vyerehani vyangu

Wanangu,

Shikamoo zenu huzipokea kila asubuhi mnapopita barazani kwangu, nami huwajibu marahaba kwa moyo mkunjufu. Leo nimeona niwaandikie, kwa sababu jambo nililo nalo, la vyerehani vinavyorudi vimeharibika, nimekwisha kulisema kwa mmoja mmoja wenu, kila mara nikiwa nimeshika kifaa kilichovunjika, na neno linalosemwa juu ya kifaa kilichovunjika husikika kama karipio hata kama msemaji alikusudia kufundisha. Isomeni barua hii mkiwa pamoja, na yule atakayejiona ndani yake asidhani nimemlenga peke yake, maana haya yamenipata kwa watu zaidi ya watano.

Mnajua kwamba nina vyerehani vitatu: viwili vya miguu, vya chapa ya Butterfly, na kimoja cha mkono, Singer ya zamani niliyoachiwa na shangazi yangu. Nimewashonea watu hapa Ngamiani, Tanga, tangu mwaka 1981. Macho yalipoanza kuchoka nikabaki na kimoja cha kazi, nikaona si haki viwili vikae vimefunikwa shuka ilhali vijana wanaomaliza mafunzo ya miezi mitatu wanarudi nyumbani na cheti na mkasi tu. Ndipo nilipoanza kuazimisha. Sikutoza kodi wala sikuandikishana na mtu. Nilichoomba ni kwamba cherehani kirudi kama kilivyotoka.

Desemba mwaka juzi nilimwazimisha cherehani kimoja cha miguu kijana aliyepata kazi ya kushona sare za shule. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa kuwa majuma yale ya kuelekea Januari ndiyo yanayomjengea fundi mpya jina, na mzazi aliyeshonewa sare nzuri mwaka huu hurudi mwaka ujao na mtoto wa pili. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda mazikoni, na niliporudi nilikuta cherehani kimesimamishwa pembeni mwa baraza, kimefunikwa kanga, pasipo mtu wala ujumbe. Sikukigusa kwa siku mbili, nikiamini ni kizima. Siku ya tatu cherehani changu cha kazi kilikatika mkanda, nikahamia kwenye kile kumalizia sare za watoto wa jirani, nacho kikaanza kuruka mishono. Nilipokifungua nilikuta ncha ya shato, kile chuma chenye umbo la mwezi mwandamo kinachokwenda na kurudi chini ya bamba, imekatika, bamba la sindano limekwaruzwa vibaya pembeni mwa tundu lake, na ile skrubu inayokaza uzi kwenye kikasha cha bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini, ambayo ni ndogo kuliko punje ya mchele, haipo kabisa. Watoto wale walianza muhula na sare za mwaka uliopita.

Nataka mwelewe kilichotokea ndani ya cherehani kile, kwa sababu ndicho kilichotokea pia kwa wenzenu wengine, na kwa sababu asiyekielewa atakirudia hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Chini ya bamba nilikuta fundo la nyuzi lililoshindiliwa kama pamba ndani ya mto. Mwanafunzi anayeona uzi umejikunja chini ya kitambaa mfano wa kiota cha ndege huamini kwamba kosa liko huko chini, kwenye bobini, kwa kuwa ndiko macho yake yanakoona vurugu. Kosa karibu kila mara liko juu. Ama uzi wa juu haukuingia katikati ya vile visahani viwili vinavyoubana, ama haukupitishwa kwenye ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka, na kwa hiyo hakuna kitu cha kuuvuta urudi juu baada ya shato kuuzungusha kwenye bobini, nao hubaki chini na kujikusanya mshono baada ya mshono. Dawa yake ni kuung'oa uzi wote wa juu na kuupitisha upya huku mguu wa kukandamizia nguo ukiwa umeinuliwa, maana mguu ukishushwa visahani hubana na uzi hukaa nje yake bila mtu kujua. Kazi hiyo haimalizi dakika moja.

Kijana wetu hakufundishwa hivyo. Alichukua bisibisi akaigeukia ile skrubu ndogo, akailegeza, akaikaza, akailegeza tena, na mkazo uliokuwa sawa kwa miaka mingi ukapotea, kisha skrubu yenyewe ikaanguka sakafuni. Fundo lilipokataa kutoka akakanyaga kwa nguvu ili alipasue. Sindano ikapinda na kugonga bamba, na shato ikaikuta sindano mahali ambapo haikupaswa kuwa. Ncha ya shato hupita karibu na sindano kwa nafasi isiyozidi unene wa karatasi, ili iudake uzi pale sindano inapoanza kupanda. Mahali pembamba namna hiyo hapavumilii nguvu hata kidogo.

Shato ilinunuliwa, skrubu ikapatikana, na bamba nikalisugua kwa msasa laini mpaka likaacha kukata uzi. Kilichonikalia moyoni muda mrefu ni ile kanga iliyofunika. Nimejiuliza sana kwa nini kijana mwenye adabu, anayenisalimu kwa kuinama, arudishe cherehani kwa siri kama mtu aliyeiba. Jibu nililolipata baadaye, kwa mama yake, ni kwamba alikuwa amepokea vitambaa vya wateja saba pamoja na malipo ya awali, na malipo hayo alikwisha kuyatumia kununulia nyuzi, zipu na vifungo. Kwa hiyo cherehani kilipoanza kusumbua usiku, hakuwa na nafasi ya kusimama na kufikiri. Alikuwa na deni kwangu na deni kwa watu saba kwa wakati mmoja, na hofu ya madeni hayo ndiyo iliyokanyaga kile kanyagio. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi naona cherehani cha kuazima kinaweza kumvua mtu zaidi ya nguo, ikiwa atakitumia kupokea kazi kubwa kuliko mkono wake.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ushauri wangu ulipo. Msipokee kitambaa cha mteja katika mwezi wa kwanza wa kutumia cherehani msichokizoea. Kila cherehani kina tabia yake, hata viwili vilivyotoka kiwanda kimoja, na fundi huijua tabia hiyo kwa kushona vitu ambavyo vikiharibika hakuna anayelia: foronya za nyumbani, vitambaa vya meza, kanga za kupinda kingo, viraka vya nguo za wadogo zenu. Mkishaweza kupinda kanga nzima bila uzi kukatika, ndipo mshike kitenge cha mtu, tena kimoja. Najua njaa haisubiri mwezi. Lakini nimewaona waliosubiri na waliokimbia, na waliokimbia wengi wao hawashoni tena leo.

Kuna madhara mengine nitayataja kwa kifupi, kwa kuwa yanatibika kwa kuambiwa mara moja tu. Mafuta ya alizeti hayaingii kwenye cherehani. Yanaganda na kugeuka gundi, na mimi nimetumia siku mbili kuyayeyusha kwa mafuta ya taa na kitambaa. Ulizeni mafuta ya cherehani dukani, mepesi, yasiyo na rangi, na mkisha kuyatia mshone kwanza kwenye kitambara. Kichwa cha cherehani hakisafirishwi kwa bodaboda kikiwa kimefungwa na meza yake: chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka, na hakuna fundi atakayekiunga kikarudi kuwa kile cha zamani. Na hapa kwetu pwani hewa ina chumvi, hivyo cherehani kinacholazwa nje barazani usiku kucha huamka na kutu kwenye bamba na kwenye sindano, na sindano yenye kutu huuchana uzi kabla ya jua la saa nne.

Sitawalaumu bila kulitaja fungu langu. Nilikuwa nawakabidhi cherehani kwa furaha, nawaonyesha kanyagio, nawaombea heri, na kuwaacha mwende, kana kwamba mkono wangu wa miaka arobaini na zaidi ungehamia kwenu pamoja na meza. Mwenyewe sikufundishwa hivyo. Shangazi yangu alinikalisha kwenye cherehani kisicho na uzi wala sindano wiki nzima, nikanyage tu, mpaka gurudumu likaacha kunirudi kinyume. Mwanafunzi hudharau zoezi hilo, lakini kwenye cherehani cha miguu gurudumu likirudi nyuma mara moja uzi hujisokota au hukatika, na mguu usiojua kuanza hauwezi kusaidiwa na mkono hodari. Wiki ya pili alinitilia sindano bila uzi, akanipa karatasi za daftari zenye mistari, nikawa natoboa mstari kwa mstari, kisha duara, kisha kona, na kila karatasi aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha akatazama matundu yamekwenda wapi. Uzi niliupata wiki ya tatu.

Hata wafanyabiashara walilielewa jambo hili mapema kuliko mimi. Kampuni ya Singer ilianza Marekani mwaka 1851, na kufikia mwaka 1856 mshirika wa Isaac Singer, wakili Edward Clark, alikwisha kuanzisha utaratibu wa mtu kuchukua cherehani nyumbani na kukilipia kidogo kidogo. Lakini kampuni ile iliwaajiri pia wanawake wa kuwaonyesha watu kwa vitendo jinsi cherehani kinavyoendeshwa, kwa maana mtu aliyeshindwa kukitumia angekirudisha kabla hajamaliza kulipa. Siku hizi naona vyerehani vinagawiwa kwa vikundi mbele ya kamera, vikiwa bado kwenye maboksi, na mwaka haujaisha vimewekwa stoo kwa sababu ya sindano iliyotiwa kinyume. Jambo hilo linanisikitisha sana, na sitaki barazani kwangu liendelee.

Kwa hiyo nimebadili utaratibu. Kuanzia sasa hakuna cherehani kitakachotoka hapa kabla mwazimaji hajakaa nacho barazani kwangu kwa vikao sita, nami nikiwa kando yake. Atapitisha uzi mara ishirini mpaka aweze kufanya hivyo huku tunazungumza. Atajifunza kwamba sindano ina upande bapa na upande wenye mfereji mrefu, na kwamba uzi huingilia upande wa mfereji na kutokea upande bapa, na akikosea hapo cherehani kizima kitaonekana kibovu. Atajifunza kusoma namba za sindano: ile iliyoandikwa 90/14 ni ya kitenge na vitambaa vya kawaida, ya 100/16 ni ya nguo nzito zaidi, na namba ya kwanza ni unene kwa sehemu za mia za milimita, hivyo sindano ya 100 ina unene wa milimita moja. Atatoa shato kwa mkono wake, ataifuta pamba, atairudisha, tena na tena, mpaka isimtishe.

Akishachukua cherehani, siku kikigoma aache kukanyaga. Asikate nyuzi, asifungue skrubu, asivute kitambaa. Aje kwangu na kitambaa kile kile kilichonasa, hata kama ni cha mteja na kinamtia aibu, kwa maana katika mishono iliyoharibika mimi husoma kosa lilipoanzia, na kilichosafishwa hakiniambii kitu. Akija siku hiyo hiyo, hatalipa chochote, kilichovunjika nitakinunua mimi. Akinyamaza, kipuri ni juu yake. Na cherehani changu kisiazimishwe kwa mtu wa tatu, awe dada, mchumba au rafiki wa kikundi, kwa sababu yule wa tatu hatakuwa amekaa vikao vile na mimi sitajua hata mlango wa kugonga.

Tutaanza Jumamosi baada ya swala ya alasiri, watu wawili wawili, mmoja kwa kila cherehani. Njoni na karatasi za daftari na kipande cha kanga kuukuu, nyuzi ninazo. Yule kijana wa sare naye aje. Kwenye droo ya cherehani alichorudisha aliacha futi kamba yake na kola moja ya shati jeupe iliyokatwa vizuri sana, na vyote viwili nimevitundika kwenye msumari ulio pembeni mwa mlango.

Mama yenu wa barazani,
Ngamiani, Tanga